Ndege Moja, Siku Moja: Rangi za Mashirika Yetu Ndani ya Simuleta

Ukitandaza ramani na kupiga rula kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi Kisumu, mstari unapita karibu kabisa na mji wa Kericho. Kipkelion inabaki kaskazini mwa mstari huo, na siku ambayo ukungu umeinuka, mtu aliye shambani huziona ndege za Kisumu waziwazi: Embraer 190 ya Kenya Airways yenye injini mbili za jeti, na Dash 8-400 ya Jambojet yenye propela za panga sita. Vijana wa huku wanaojifunza kurusha ndege kwenye kompyuta wana faida ambayo wenzao wa mbali hawana, kwa sababu kile wanachokiigiza chumbani kinapita juu ya paa lao.

Hapo ndipo swali linapoanzia. Simuleta inakupa ndege, inakupa vilima vya Mau na Londiani, inakupa hata kijani cha mashamba ya chai kilichopigwa picha na setilaiti. Rangi za shirika unalolijua haikupi. Simuleta ya Microsoft ya mwaka 2006, ambayo wengi wetu tulianzia hapo, ilikuja na mashirika ya kubuni kama Orbit, World Travel na Pacifica. Jina na nembo ya shirika halisi ni mali ya mtu, na kuomba ruhusa ya kila mmoja ni kazi ndefu. Kwa hiyo karibu kila rangi ya shirika la Afrika Mashariki uliyowahi kuiona kwenye kioo cha kompyuta ilichorwa na mpenzi wa ndege, kwa hiari yake, bila kulipwa na yeyote.

Je, michoro hiyo ina thamani gani, na tuipime kwa kipimo gani? Wengi huipima kwa ukali wa picha: ina pikseli ngapi, inang'aa vipi jua linapochwea. Mimi naipima kwa jambo lingine. Mchoro wenye thamani ni ule unaotaja ndege moja na siku moja: ndege fulani yenye nambari yake ya usajili, jinsi ilivyokuwa katika tarehe inayojulikana. Mchoro unaodai kuwa ni rangi za Kenya Airways kwa jumla, bila kusema ndege ipi na ya mwaka gani, haujafika nusu ya kazi. Katika nchi zetu, ambako mashirika yamezaliwa, yamevunjika, yamefufuliwa na kubadilishwa sura ndani ya kizazi kimoja, tofauti hiyo ina uzito mkubwa.

Tuitazame kazi yenyewe kwanza. Ndege ya simuleta ni umbo tupu ambalo ngozi yake imekunjuliwa na kulazwa bapa, kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa ukutani ikauke. Aliyeunda umbo ndiye huamua kipande gani cha karatasi hiyo ni ubavu wa kushoto, kipi ni mkia, kipi ni kifuniko cha injini. Mchoraji hupewa karatasi ikiwa tayari na madirisha, milango na ribiti, naye hupaka rangi kwenye tabaka lililo chini yake. Programu ya bure kama GIMP inatosha.

Ugumu unaanzia kwenye hesabu. Karatasi ya kawaida siku hizi ina pikseli 4096 kwa 4096. Embraer 190 ina urefu wa mita 36.24. Ukinyoosha ubavu mzima kwenye upana wa karatasi hiyo, pikseli moja inabeba karibu milimita 9 za ndege halisi. Herufi ya usajili yenye kimo cha nusu mita inapata pikseli zaidi ya 50, nayo inasomeka vizuri. Maandishi ya tahadhari mlangoni, yenye kimo cha sentimita mbili au tatu, yanapata pikseli mbili au tatu na kugeuka madoa. Kwa Boeing 787-8, yenye urefu wa mita 56.7, hali ni mbaya zaidi: pikseli moja inabeba karibu milimita 14. Ndiyo maana waundaji makini huugawa ubavu kwenye karatasi mbili au zaidi, na hapo huzaliwa tatizo jipya la mshono. Mstari wowote unaotoka puani hadi mkiani lazima ukutane na mwenzake pale karatasi zinapoungana, tena juu ya bodi iliyojipinda. Ukikosea pikseli tatu, jicho linaona ngazi. Isitoshe, karatasi moja kama hiyo isiyobanwa inachukua megabaiti 64 za kumbukumbu. Ikibanwa kwa mfumo wa DDS inashuka hadi 16, au 21 na ushei ukijumlisha zile nakala ndogo ndogo za kutazamwa kutoka mbali.

Kuna jambo la pande mbili pia, na hapa wachoraji wageni kwa kazi hii huanguka. Ndege nyingi za simuleta za zamani zilitumia karatasi moja kwa ubavu wa kushoto na wa kulia ili kuokoa kumbukumbu. Matokeo yake, maandishi yakisomeka vizuri kushoto, kulia yanasomeka kinyume. Mnyama hana taabu hiyo. Twiga wa Air Tanzania unaweza kumgeuza ukampata wa upande wa pili bila kumwonea, na kasuku wa fastjet, shirika lililoanza safari zake Tanzania mwezi Novemba 2012, vilevile. Lakini herufi haigeuziki. Nembo ya sasa ya Kenya Airways ni K iliyozungukwa na Q, na lazima isomwe vilevile pande zote mbili za mkia. Anayechora KQ, yaani Kenya Airways, kwenye umbo la karatasi moja amekwama kabla hajaanza, na anayechora Air Tanzania huweza kutoroka kwa mkia, kisha akanaswa na jina la shirika lililo ubavuni.

Bendera nazo zina sheria yake. Kwa desturi ya mashirika mengi, upande wa mlingoti hutazama puani, ili bendera ionekane inapeperuka ndege inapokwenda mbele. Ya Kenya haina shida, kwa kuwa mistari yake imelala na ngao yake iko katikati. Ya Tanzania ina ule mshazari unaopanda, nao ukiwa ubavu wa kulia huonekana umeinama kinyume na tulivyozoea kuuona kwenye karatasi. Nimeona michoro mizuri iliyoharibiwa na bendera ya Tanzania iliyobandikwa bila kufikiri. Mwamuzi ni picha ya ndege yenyewe. Asiyekuwa na picha ya ubavu wa kulia asikisie.

Kisha kuna rangi yenyewe. Mtu huchukua picha ya ndege, ananyonya nyekundu kutoka mkiani kwa kidole cha programu, anaipaka. Tatizo ni kwamba amenyonya na jua. Picha iliyopigwa Kisumu saa saba mchana ina nyekundu yake, iliyopigwa Heathrow siku ya mawingu ina nyekundu nyingine, na simuleta za kisasa zinaongeza mwanga wao wenyewe juu ya hiyo uliyopaka. Mwanga unahesabiwa mara mbili, na ndege inatoka ama imepauka ama inawaka kama taa ya breki. Dawa yake ni kukusanya picha nyingi za ndege ileile, za saa na hali tofauti, na kutafuta rangi iliyo chini ya zote. Ni kazi ya uvumilivu, na haionekani kwenye picha ya kujivunia. Ila mtu anayeiona Embraer ikipita juu ya Kericho mara kwa mara ataijua mara moja kazi iliyofanywa hivyo.

Baada ya ufundi huo, tuje kwenye historia, maana ndiko hoja ya ndege moja na siku moja inakopata nguvu zake.

East African Airways iliundwa mwaka 1946, ikaingia enzi ya jeti kwa Comet 4 mwaka 1960, na kuanzia 1966 ikapokea Super VC10. Tatu za kwanza zilikuwa 5X-UVA, 5H-MMT na 5Y-ADA. Soma herufi za mwanzo: 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya. Kila nchi mshirika ilipewa ndege moja kwenye daftari lake, halafu zikaongezwa 5X-UVJ na 5H-MOG. Abiria aliyeondoka uwanja wa Embakasi, Nairobi, kwenda London angeweza kupanda ndege yenye usajili wa Tanzania na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa lilikuwa shirika lake vilevile. Siasa nzima ya jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule imeandikwa kwenye herufi tano nyuma ya bodi. Mchoraji anayeacha mahali pa usajili patupu, au anayebandika 5Y kwenye ndege zote kwa kuwa yeye ni Mkenya, amefuta kitu ambacho hakina mahali pengine kinapoonekana kwa urahisi hivyo.

Jambo la kufurahisha ni kwamba shirika hili lililokufa mwaka 1977 limebaki hai ndani ya simuleta kuliko mengi yaliyo hai leo. Sababu yake ni nyepesi. Super VC10 iliuzwa ikiwa mpya kwa mashirika mawili tu ya abiria: BOAC ya Uingereza na East African Airways. Mtu yeyote duniani anayeunda Super VC10 hana budi kuchora rangi zetu, la sivyo atabaki na vazi moja. Mwingereza David Maltby alipotengeneza VC10 yake ya bure kwa simuleta za Microsoft, East African ilikuwamo. Vijana wa Ulaya ambao hawajawahi kusikia habari za Arusha wala Entebbe wameirusha ndege hiyo kwa sababu tu iko kwenye orodha fupi.

Na hatima ya ndege zenyewe ndiyo inayoonyesha kwa nini tarehe ni lazima. Moja, 5X-UVA, iliteketea Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 na watu 43 wakafa. Nne zilizobaki zilirudi Uingereza baada ya shirika kuvunjika, zikanunuliwa na jeshi la anga la huko na kugeuzwa ndege za kuzijazia nyingine mafuta angani. Zikapewa nambari kutoka ZA147 hadi ZA150. 5H-MMT ndiyo iliyokuja kuwa ZA147, na tarehe 25 Septemba 2013 ilifanya safari ya mwisho kabisa ya VC10 yoyote duniani. 5H-MOG, VC10 ya mwisho kutoka kiwandani, ikawa ZA150, na imehifadhiwa hukohuko Uingereza. Sasa mchoraji anapotuambia kwamba amechora 5H-MMT, tumwulize: ya lini? Ya 1967 yenye rangi za East African, au ya 2013 yenye kijivu cha jeshi? Bati ni lilelile, ribiti ni zilezile. Kinachotofautisha ni tarehe tu.

Kenya Airways, iliyozaliwa Januari 1977 kutokana na kuvunjika huko, inatupa mfano wa aina nyingine, wa shirika lililobadili sura likiwa kazini. Kwa miaka mingi ndege zake zilikuwa na mistari minne iliyopita ubavuni kutoka mwanzo hadi mwisho wa bodi, na herufi KA mkiani. Mwaka 2005 mistari ikaondolewa. Mahali pake yakaja maneno "The Pride of Africa", na mkiani ile K ndani ya Q. (Inanijia akilini kila mara kwamba mwaka mmoja kabla, Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilikuwa zimeilazimisha kila matatu kuvaa mstari wa njano ubavuni. Barabarani mstari ulikuja, angani mistari ikaondoka.)

Mabadiliko kama hayo hayafanyiki kwa usiku mmoja. Ndege hupakwa rangi kwa zamu, mara nyingi inapoingia kwenye matengenezo makubwa, kwa hiyo shirika huishi kwa muda likiwa na sura mbili. Kwa mwandishi wa matangazo huo ni usumbufu. Kwa mchoraji wa simuleta ni hazina, kwa kuwa ndicho kipindi ambacho hakuna mtu mwingine atakayekitunza. Waingereza wanalijua hili. Mwaka 1997 British Airways ilipaka mikia yake michoro ya wasanii wa pembe zote za dunia, ya Wandebele wa Afrika Kusini ikiwamo. Margaret Thatcher, waziri mkuu wao wa zamani, akafunika mkia wa ndege ndogo ya mfano kwa kitambaa chake mbele ya kamera, na kufikia 1999 kampuni ilikuwa imeanza kurudi kwenye bendera. Kipindi kilikuwa kifupi, lakini leo mikia ile ni miongoni mwa michoro inayopendwa sana kwenye simuleta. Mistari minne ya KQ ilidumu muda mrefu kuliko mikia ile, na nani anaichora? Wachache mno. Moja ya sababu ni ule mshono niliousema: mistari minne inayopita karatasi mbili au tatu ni kazi ya kuumiza macho, ilhali bodi nyeupe yenye maneno inamalizika upesi.

Weupe huo nao una maelezo yake. Ndege nyingi hukodishwa, na ya kukodi ikirudi kwa mwenyewe yapaswa ipakwe upya kwa gharama ndogo. Nyeupe pia haishiki joto sana. Hata American Airlines, iliyoringa kwa miongo na bati linalong'aa bila rangi, iliachana na mtindo huo Januari 2013, kwani ndege mpya za nyuzi za kaboni hazina bati la kung'arisha.

Maneno yaliyoandikwa kwenye bodi ni ushahidi wa wakati kuliko hata rangi. Airbus A310 za Kenya Airways zilibeba majina kama Nyayo Star na Harambee Star. Hakuna Mkenya aliyeishi miaka hiyo anayehitaji kuelezwa ni enzi ya nani. Airbus A220 ya kwanza ya Air Tanzania, 5H-TCH, iliyofika Desemba 2018, iliandikwa "Dodoma" pamoja na "Hapa Kazi Tu", kaulimbiu aliyoingia nayo John Magufuli kwenye uchaguzi wa 2015. Uganda nayo ilipofufua shirika lake mwaka 2019 ilificha maana kwenye usajili wenyewe: kati ya CRJ900 zake kuna 5X-KOB na 5X-EQU, na A330-800 zake mbili ni 5X-NIL na 5X-CRN, mto na ndege wa taifa anayekaa mkiani. Mtu anayechora Uganda Airlines na kuweka herufi alizojibunia amemnyang'anya mtazamaji nusu ya utamu.

Je, michoro ya kubuni haina nafasi? Ipo mingi: Kenya Airways kwenye A380, ndege ambayo haijawahi kumiliki, au East African Airways kwenye 787, kana kwamba jumuiya haikuvunjika. Sina ugomvi na ndoto, na ile ya East African kwenye ndege ya kisasa huniumiza moyo kwa namna nzuri. Ninachodai ni kwamba iandikwe wazi kuwa ni ya kubuni. Shida hutokea mchoro wa kubuni unaposambaa bila maelezo, picha yake ikaokotwa na mtu asiyejua, na kesho ikawa ushahidi kwamba shirika fulani liliwahi kuwa na ndege fulani.

Kuna aina moja ya mchoro wa kubuni ambayo siivumilii. Ni uchafu. Wachoraji wazuri huongeza masizi ya injini na michirizi ya mafuta, kwa sababu ndege inayofanya kazi huchafuka, na huku kwetu, kwenye milima inayojulikana kwa mvua ya mawe, kingo za mbele za mabawa huchubuka kweli. Lakini nimeona tena na tena mchoraji yuleyule akiipa ndege ya Ulaya masizi kidogo na ya Afrika michirizi ya kutu kutoka kila dirisha. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu. Karibu nusu ya uzito wa 787 ni nyuzi za kaboni, nazo hazijui kutu ni nini. Boeing 787 ya kwanza ya KQ, 5Y-KZA, ilifika Aprili 2014 ikiwa mpya kabisa. Anayeichora imeoza hajatazama picha yoyote. Amechora dhana aliyonayo kuhusu bara zima. Kipimo cha ndege moja na siku moja kinamziba mdomo: atuonyeshe picha ya siku hiyo yenye uchafu huo.

Linalobaki gumu zaidi ni ndege zilizoua. 5Y-BEN, ile Harambee Star, ilianguka baharini Abidjan tarehe 30 Januari 2000 na watu 169 wakapoteza maisha. 5Y-KYA, Boeing 737-800 iliyokuwa changa, ilianguka karibu na Douala tarehe 5 Mei 2007 ikiwa na watu 114, na hakuna aliyepona. Je, zichorwe? Kuna wanaosema zisiguswe kabisa. Naona waliopoteza ndugu wana haki ya kusikilizwa kwanza, na anayechora 5Y-KYA ili ajirekodi akiigiza ajali apate watazamaji amefanya jambo la aibu. Hata hivyo, kuifuta nambari hiyo kwenye orodha kana kwamba ndege hiyo haikuwahi kuruka salama siku hata moja nako si kumheshimu aliyekufa. Ningeichora kama ilivyokuwa ikipakia abiria, niandike tarehe ya kabla ya ajali, na kwenye maelezo nitaje yaliyotokea kwa sentensi moja. Basi.

Turudi Kipkelion, kwenye suala la nani anaweza kuifanya kazi hii. Simuleta mpya za Microsoft zinataka kadi ya grafiki ya bei ghali, na seti moja ya rangi za ndege kubwa huweza kufika mamia ya megabaiti, jambo linalomfikirisha mtu wa bando. FlightGear ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na toleo la nyuma kidogo linaruka kwenye laptopu ya kawaida. Rangi zake hukaa kwenye folda ya Liveries, kila moja ikiwa picha na faili dogo la XML linaloitaja, na hubadilishwa kwenye menyu bila kuzima programu. X-Plane inalipiwa, ila Boeing 737-800 iliyoboreshwa na mpenzi anayejiita Zibo hutolewa bure juu yake. Ndege hiyo ni ya aina ambayo Kenya Airways inairusha kweli, kwa hiyo ukweli unaanzia kwenye umbo. Hilo la umbo lina uzito kuliko wanavyodhani wengi. Rangi hufuata umbo lililopo, na waundaji huunda zinazonunuliwa Ulaya na Marekani. Ndiyo maana 737 zetu zimechorwa vizuri wakati A330-800 ya Uganda, ya aina iliyouzwa kwa mashirika machache mno duniani, hupakwa mara kwa mara juu ya A330-900 iliyo ndefu kuliko ilivyopaswa.

Kuhusu sheria, alama za biashara za shirika zinalindwa nchini kwa Sheria ya Alama za Biashara, na mchoraji asiyelipwa anaishi kwa uvumilivu wa mwenye alama. Mashirika mengi hunyamaza, kwa kuwa wanajua kwamba kijana anayerusha ndege yao bure kila jioni ni mteja anayejifunza jina lao. Wangeweza kufanya zaidi ya kunyamaza. Ukurasa mmoja wenye namba rasmi za rangi, mwandiko wa herufi zake na michoro ya pande zote mbili, pamoja na kibali cha matumizi yasiyo ya biashara, ungemaliza ubishi wote wa nyekundu ipi ni ya kweli. Kwa mashirika yaliyo hai jambo hili ni la mchana mmoja wa kazi ofisini.

Kwa yaliyokufa, na kwa sura za zamani za yaliyo hai, ushahidi uko majumbani. Picha za familia kwenye ngazi ya ndege ya mistari minne ni nyingi, na karibu zote zinaonyesha ubavu wa kushoto, kwa sababu abiria hupandia kushoto. Ubavu wa kulia ndio unaokosekana. Milango ya mizigo chini ya bodi ya jeti nyingi iko kulia, kwa hiyo waliousimamia ubavu huo kila siku walikuwa wapakiaji na mafundi wa Embakasi, na wengi wao sasa wamestaafu na kurudi mashambani, wengine huku kwenye chai na kahawa. Kama kuna mmoja aliyewahi kupigwa picha na wenzake kando ya toroli la mizigo mwaka 1983, nyuma yao kukiwa na mistari minne na herufi tano za usajili, picha hiyo ndiyo mchoraji anayoitafuta.